Okidi inaumwa? Itoe kwenye chungu uone mizizi kabla hujatafuta dawa

BustaniYaDirishani

Wakuu, salaam.

Kila mara humu anakuja mdau na picha ya okidi iliyolegea majani, na kabla hajamaliza kueleza ameshaandikiwa dawa tano: nyunyiza mdalasini, mwagia peroksaidi (ile dawa ya kuoshea vidonda), weka mbolea, piga dawa ya ukungu, hamisha dirisha. Hakuna anayemuuliza mizizi ikoje. Nimefungua uzi huu tuwe tunaelekezana sehemu moja. Nitaongelea zaidi Phalaenopsis, ile ya majani mapana mazito isiyo na vishina vya kuhifadhia maji, maana ndiyo iliyojaa majumbani. Nyingine nitazigusa zinapotofautiana.

Okidi hii porini haikai kwenye udongo. Inajishika kwenye matawi ya miti, mizizi ikiwa nje. Mvua inanyesha, inalowa chapachapa, upepo unapita, inakauka. Mzizi wake umevikwa velameni, yaani tabaka la seli zilizokufa linalofyonza maji kama sponji. Velameni ikiwa kavu mzizi unaonekana wa rangi ya fedha. Ikilowa, ukijani wa ndani unajitokeza. Ndiyo maana wazoefu wanapenda chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga: unakitazama tu unajua kama mmea una kiu. Mizizi ya fedha, mwagia. Ya kijani, achana nayo.

Sasa chukua mmea huo uuweke kwenye chungu kisicho na tundu, maji yatuame chini. Mzizi unakosa hewa na kufa, na baada ya hapo ndipo ukungu na bakteria wanakuja kula kilichokufa. Mtu anaona uozo, ananunua dawa ya ukungu, anaimwaga humo humo kwenye maji yaliyotuama. Hata dawa iwe kali namna gani, mzizi bado hauna hewa.

Balaa kubwa liko kwenye majani. Jani la okidi likikosa maji linakunjamana na kuwa laini kama ngozi iliyochakaa, na linakosa maji kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza, hujamwagilia. Ya pili, umemwagilia kupita kiasi, mizizi imeoza, haiwezi tena kupandisha maji. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Anayeona jani limelegea akaongeza maji bila kutazama chini anaweza kuwa anamalizia kazi.

Kwa hiyo utoe. Bonyeza bonyeza kuta za chungu cha plastiki, shika mmea kwenye shina chini ya majani, vuta taratibu. Usiogope, okidi haifi kwa kutolewa. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kisha pitisha vidole mzizi mmoja mmoja. Mzima ni mgumu, unausikia umejaa. Uliooza ni mlaini, unatoa maji ya kahawia ukiuminya, na ukiuvuta ganda la nje linachomoka lote na kubakiza kiuzi kigumu cha katikati. Uliokufa kwa kiu ni bapa, mwepesi, mtupu ndani, lakini hauna utelezi.

Hapa msidanganywe na rangi. Mzizi uliokaa kwa muda mrefu ndani ya magome, vile vipande vya maganda ya miti tunavyopandia okidi, hupakwa rangi ya kahawia au manjano, na bado ni mzima kabisa. Nimeona watu wanakata mizizi mizuri kwa sababu haikuwa myeupe. Minya kwanza.

Halafu tazama katikati kabisa ya mizizi, chini ya shina. Mara nyingi, hasa kwenye mimea iliyonunuliwa ikiwa na maua, utakuta donge la sfagnamu (zile nyuzinyuzi za mimea midogo zinazoshika maji) au kikapu kidogo cha wavu ambacho miche ilianzia humo. Magome ya pembeni yanakauka, wewe unaona pakavu unamwagia, na kumbe lile donge halijakauka hata siku moja. Uozo unaanzia hapo hapo kwenye kitako. Litoe lote, taratibu, kwa kijiti.

Tiba yenyewe haina maajabu. Kata mizizi yote mibovu kwa mkasi ulioupitisha kwenye moto. Acha vidonda vikauke, kesho yake panda kwenye magome mapya ya msonobari, vipande vikubwa vikubwa, ndani ya chungu kinachoienea mizizi iliyobaki na si zaidi. Chungu kikubwa ni kosa la wenye huruma: magome mengi yasiyo na mizizi hukaa na maji muda mrefu. Weka penye mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Mbolea hapana, hadi uone ncha mpya za mizizi, za kijani au nyekundu nyekundu. Na magome yabadilishwe kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili hata kama mmea hauumwi, kwa sababu yanaoza, yanakuwa unga, unga unaziba njia za hewa.

Jani lililokunjamana sana halitanyooka lote tena. Usipime maendeleo kwa majani ya zamani. Pima kwa jani jipya na mzizi mpya, na hivyo huchukua miezi.

Kuhusu mdalasini: kazi yake ni kukausha. Kwenye kidonda cha jani, sawa. Ukiumwaga kwenye mizizi unakausha pia ile michache iliyokuwa inakusaidia. Na peroksaidi, lile povu watu wanaloshangilia si ushahidi kwamba ugonjwa unakufa. Linatokea pia ikigusa tishu iliyo hai na nzima. Mimi siitumii.

Madoa ya majani sasa. Usianze kwa kuuliza doa ni la ugonjwa gani, uliza linakwenda kasi gani. Chukua kalamu ya wino usiofutika, zungushia ukingo wa doa, tazama tena kesho. Doa kavu, lililofifia au la kahawia, upande unaotazama dirisha, lisilovuka mstari wako: hilo ni jua limeunguza. Sogeza mmea, jani liache, bado linafanya kazi. Doa lenye majimaji, linalong'aa, lenye ukingo wa manjano, limevuka mstari ndani ya siku moja na linanuka: hao ni bakteria, na hapo huna muda. Kata jani hadi ndani ya sehemu nzima, sentimita moja au mbili kupita ukingo wa doa, pitisha mkasi motoni kwa kila mkato, tenga mmea, na usimwagie maji juu ya majani. Wale wa uozo laini wanaweza kumaliza Phalaenopsis nzima ndani ya siku chache.

Madoa madogo makavu, meusi, yaliyokaa hivyo hivyo mwezi mzima, hayana haraka. Ongeza mzunguko wa hewa, kausha majani kabla ya usiku, basi.

Mwenye swali aweke.

---

MamaMaua

Asante sana kaka kwa somo. Yangu majani yako vizuri, mizizi naiona ya kijani, ila kuna vitone vinavyonata kwenye shina la maua na nyuma ya maua. Nimefuta, vimerudi. Ni ugonjwa?

---

BustaniYaDirishani

Dada, inategemea kilichoko karibu na vitone. Okidi nzima hutoa utomvu mtamu, angavu, kwenye shina la maua na kwenye vikonyo vya vitumba. Huo si ugonjwa. Lakini wadudu wanaofyonza nao huacha utando unaonata, kwa hiyo kagua kabla ya kutulia.

Chukua kijiti cha pamba na tochi. Tafuta vidung'ata, wale weupe wenye ungaunga wa pamba, kwenye makwapa ya majani, nyuma ya maua na chini ya yale maganda makavu kwenye shina la maua. Yachambue maganda hayo, ndiyo maficho yao makuu. Halafu pitisha ukucha kwenye mshipa wa katikati chini ya jani. Ukikutana na vijivimbe vya kahawia vinavyobanduka, hao ni wadudu magamba.

Ukiwakuta, kijiti cha pamba kilicholowa spiriti ya asilimia 70, futa mmoja mmoja, mbali na jua. Usiimwage moyoni mwa mmea, pale katikati jani jipya linapotokea. Rudia kila wiki kwa wiki kadhaa hata kama huoni kitu, kwa sababu mayai na watoto wanabaki, na vidung'ata wengine hujificha kwenye mizizi ndani ya chungu. Wengi wanaosema "dawa imeshindwa" walipaka mara moja wakaacha.

---

Mdau_Mkongwe

Uzi mzuri mkuu ila nina pingamizi moja. Umesema kata mizizi yote mibovu. Ile iliyooza na kulowa, sawa, ikatwe. Lakini ile iliyokufa ikiwa mikavu mimi siigusi. Mmea uliobaki na mizizi miwili unayumba chunguni, kila ukiyumba ncha mpya zinajikwaruza kwenye magome na kufa. Ile mikavu inaushikilia usimame. Vile viuzi vya katikati pia, baada ya kuvua ganda lililooza, mimi naviacha vikauke vifanye kazi ya nanga.

Na jingine: kwa mmea uliobaki na mizizi miwili, magome matupu ni makavu mno. Hapo sfagnamu ni bora, iliyolowekwa kisha ikakamuliwa mpaka haitoi tone. Isisindiliwe.

---

BustaniYaDirishani

Nanga nakubaliana na wewe, nimeandika kwa kukaza sana. Kwa viuzi bado nina wasiwasi kidogo, mtu asiyezoea atabakiza na ganda. Akiweza kuvua ganda lote, sawa.

Sfagnamu nakubali kwa mgonjwa, kwa sharti kwamba mwenye mkono mzito wa maji asiikaribie.

---

kijana_wa_vyungu

Wakuu mimi naweka vipande vya barafu, nimeambiwa humu nitaua mmea kwa baridi. Kweli?

---

BustaniYaDirishani

Hilo lilishapimwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia, Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kumwagilia Phalaenopsis zilizopandwa kwenye magome kwa barafu, wakazilinganisha na zilizopewa maji ya kawaida. Mizizi haikudhurika na maua hayakupungua umri. Binafsi siipendi, napenda kulowesha chungu kizima maji yapite yasafishe chumvi, lakini kusema barafu inaua ni kumwonea mtu. Barafu imewaokoa wengi kwa sababu moja tu: inawalazimisha kumwagilia kidogo. Usiweke juu ya majani wala moyoni.

---

Neema_K

Naomba msaada wakuu. Vitumba vilikuwa vingi, vinageuka manjano na kudondoka kimoja baada ya kingine kabla ya kufunguka. Mizizi nimeminya yote ni migumu. Majani safi.

---

BustaniYaDirishani

Ukishaona mizizi na majani viko safi, usitafute ugonjwa, tafuta kilichobadilika. Umeuhamisha? Uko kwenye njia ya kiyoyozi au mlango unaoleta upepo? Umekaa mkavu muda mrefu? Na kitu watu wasichokifikiria: upo karibu na matunda yanayoiva? Matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na okidi ikiivuta vitumba na maua hunyauka. Moshi na gesi ya jiko nazo hufanya vivyo hivyo. Vilivyodondoka havirudi. Weka mahali pamoja, usiuzungushe zungushe.

Chunguza pia vithiripi: pasua kitumba kimoja kilichodondoka juu ya karatasi nyeupe, ukipige pige. Ukiona vijidudu vyembamba vinakimbia, hao ndio.

---

Neema_K

Nilikuwa nimeuweka mezani pembeni ya bakuli la ndizi! Nautoa sasa hivi.

---

Asiye_na_Maua

Yangu miaka haitoi maua, majani kijani kizito kinapendeza. Inaumwa?

---

Mdau_Mkongwe

Kijani kizito ndiyo dalili yenyewe, mwanga hautoshi. Jani la okidi iliyoshiba mwanga ni la kijani kilichopauka kidogo. Isogeze dirishani, pazia jepesi katikati. Na Phalaenopsis inahitaji ubaridi kidogo ili itoe shina la maua. Joto likikaa juu ya nyuzi 28 mchana na usiku, itakupa majani tu.

---

fundi_kattleya

Mimi nina Cattleya, si Phalaenopsis. Maua yametoka na michirizi, rangi imekatika katika, majani yana mabaka ya manjano na mistari iliyozama. Nimepiga dawa ya ukungu mara nyingi, hakuna kitu.

---

BustaniYaDirishani

Mkuu, acha dawa ya ukungu. Rangi ya ua kukatika hivyo inanipa shaka ya virusi. Wawili ndio wanaopatikana zaidi kwenye okidi: kirusi cha mozaiki cha Cymbidium (CymMV) na kile cha madoa ya duara cha Odontoglossum (ORSV), majina ya okidi nyingine. Ila kwa macho hatuwezi kuthibitisha, maana mabaka yanaweza kuletwa na utitiri au baridi, na okidi nyingine zina virusi bila kuonyesha chochote. Kuna vijiti vya kupimia, unasaga kipande cha jani, unachovya, unasoma mstari.

Ikiwa nao, hakuna tiba. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha kwamba unaweza kupata Cymbidium isiyo na virusi kwa kukuza ncha changa kabisa ya chipukizi maabara, lakini hilo si jambo la kufanyia dirishani. Wengi tunautupa. Ukishindwa kuutupa, uweke peke yake, na mkasi wake uwe wake.

Mkasi ndio msambazaji mkuu, pamoja na chungu na magome yaliyorudiwa. Spiriti peke yake haiaminiki kwa virusi hawa. Choma makali kwa moto mpaka yapate moto kweli, au tumia wembe mpya kwa kila mmea.

Kwa kuwa ni Cattleya, siku ukiigawa tazama mkato wa lile shina linalotambaa. Ukiona mduara wa zambarau ndani, hiyo ni Fusariamu, ukungu unaoshambulia ndani ya shina. Endelea kukata kurudi nyuma hadi mkato uwe msafi, mduara usionekane. Na ukifikiria dawa zenye shaba, zisiguse okidi za Dendrobium wala maua, zinaunguza.

---

MamaMaua

Nimerudi. Nimekuta vidung'ata watatu chini ya lile ganda la shina la maua, kama ulivyosema. Nimewafuta. Ila kuna na vijimbu vyeusi vidogo vinaruka chunguni nikimwagia.

---

BustaniYaDirishani

Hongera dada. Hivyo vijimbu havili okidi kubwa yenye afya, vinafuata magome yaliyooza na yenye maji. Vinakwambia magome yamezeeka. Badilisha, vitaondoka.

---

mpya_humu

Shikamooni wakubwa. Yangu nilikuwa naimwagia juu usiku, maji yakakaa pale katikati. Jani la juu kabisa limetoka mkononi nilipolishika, chini yake ni jeusi. Majani manne ya chini ni mazima na mizizi ni mizuri. Niitupe?

---

Mdau_Mkongwe

Marahaba. Usiitupe. Huo ni uozo wa moyo. Phalaenopsis inakua kwenye ncha moja tu, ikifa hiyo haitoi tena jani juu. Lakini mizizi ikiwa mizima, mara nyingi huchipua kichipukizi pembeni ya shina, chini kwenye makwapa ya majani.

Fanya hivi leo: kwangua uozo wote mpaka ufike penye kijani kigumu, kausha kwa tishu, hapo ndipo mdalasini unafaa, kidogo, kwenye kidonda tu. Laza chungu kiinamie upande ili maji yasiingie tena. Mwagilia asubuhi, kwenye magome tu. Weusi ukiendelea kushuka, kwangua tena.

---

BustaniYaDirishani

Kazia hapo. Na kichipukizi kikitoka usiwe na haraka ya kukitenga na mama yake. Kiache mpaka kiwe na mizizi yake miwili mitatu, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada au karibu. Yale majani manne ya zamani usiyakate hata yakianza kuwa manjano. Yaache yajidondokee yenyewe, ndiyo yanayokilisha.

Weka picha ya kidonda baada ya kukwangua, tuone kama umefika penye kijani.